Mama Asipumzike

Supu ya mifupa ikichemka mahali, mimi hutafuta mlango. Watu hudhani najidai. Mtu wa Runyenjes, tena binti wa mwenye bucha, akatae supu? Lakini ule mvuke wa dhania na mafuta ya uboho ukinifikia puani, vidole vya miguu hupata baridi. Kwa kitambo kidogo huwa mtoto tena, nimekaa kwenye kigoda kando ya kitanda, mwiko mkononi, nikimchunga mama yangu asifunge macho.

Nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili, na majirani walisema ni maringo. Hayakuwa maringo. Baba alikuwa Mmeru wa Kibirichia aliyefuata biashara ya nyama mpaka Runyenjes, Mama alikuwa Muembu wa papo hapo, na kila mmoja akisema lugha yake mwenzake alimcheka. Kimeru na Kiembu ni ndugu, lakini ndugu wa kutaniana mpaka mmoja anune. Basi wakakutana katikati, kwenye Kiswahili cha viraka. Baba alikileta kutoka sokoni, Mama kutoka shuleni na kazini, na mimi nikaokota maana za maneno popote nilipozikuta. Asiyejua maana haambiwi maana, wasema Waswahili. Mimi nilikuwa na shida kubwa zaidi, kwamba nilidhani najua.

Neno kupumzika nililiokota makaburini. Nyanya yangu, mama yake Baba, alizikwa Kibirichia kando ya shamba lake la viazi, asubuhi yenye ukungu mzito hata waombolezaji wa nyuma hatukuwaona. Mhubiri alisema, "Huyu mama amelima, amezaa, amebeba, hatujawahi kumpata amekaa. Leo amepumzika." Wanawake wote wakaitikia amina, kwa sauti ya watu wanaojua kinachosemwa. Nilifikiria sana. Wanaume niliwajua hupumzika. Baba alipumzika kila Jumapili baada ya kanisa, miguu juu ya stuli na redio juu ya tumbo, kisha akaamka akataka chai. Lakini mwanamke aliyepumzika sikuwa nimemwona hata mmoja, isipokuwa huyo aliyekuwa ndani ya sanduku. Nikaelewa kwamba kwa wanawake neno hilo lina maana moja tu.

Mama yangu hakuwa mtu wa kutia shaka kwenye elimu hiyo. Alikuwa muuguzi katika hospitali moja huko Embu mjini, na watu wote walimwita Sista, hata waliomzidi umri. Alikula amesimama. Alirudi kutoka zamu ya usiku, akavua viatu vyeupe, akavaa gambuti na kwenda kumkatia ng'ombe napia kabla hata ya kunywa maji. Nilijua kwamba huwa analala kwa sababu tu kitanda chake kilikuwa na mahali palipobonyea.

Kisha ikafika asubuhi moja ya likizo ya Agosti, kwenye ule ubaridi wa manyunyu unaoshuka kutoka mlimani na kukaa. Mama alirudi kutoka kazini akaketi jikoni. Hakuvua viatu wala koti. Nilikuwa nimeinjika maziwa ya chai, nikatoka kidogo kuchota maji, na niliporudi maziwa yalikuwa yanapanda. Mama alikuwa ameyakabili. Yakafika ukingoni, yakamwagikia makaa, moshi mchungu ukajaa jikoni, naye hakunyoosha mkono.

Baba aliingia akikohoa. "Mama Kendi, maziwa."

"Naona," Mama akasema.

Alikuwa anaona kweli, na hilo ndilo lililonitisha. Baba akaipua sufuria kwa mikono mitupu, akapuliza vidole, akanitazama mimi, akamtazama yeye. Halafu akachuchumaa kwenye ile sakafu iliyolowa maziwa, akaanza kumfungua Mama kamba za viatu. Sikuwa nimewahi kumwona Baba akimvua mtu viatu. Hofu iliniingia hapo na sikujua pa kuiweka.

Walikwenda kwa daktari, wakarudi mchana. Mama akapita moja kwa moja hadi chumbani. Nikamfuata Baba jikoni nikamuuliza amepatikana na nini.

"Hakuna kitu. Si malaria, si presha. Ni uchovu," Baba akasema. "Amechoka mpaka ndani ya mifupa. Wamempa ofu ya mwezi mzima, asiende kazi. Daktari amesema mama yako apumzike."

Alilisema hivyo, waziwazi, huku akitafuta chumvi.

"Na wewe umekubali?" nikamuuliza.

"Sasa nitakataa, na daktari ndio amesema?"

Nilitoka nje nikasimama kwenye manyunyu. Nilimchukia daktari, lakini Baba nilimwogopa. Mtu anaambiwa mkewe apumzike, naye anatafuta chumvi.

Siku chache baadaye kina mama wa kanisa wakaja. Kwetu wanawake hawabebi viondo bure. Wakija na uji kwenye mitungi, wakicheka tangu barabarani, ujue mtoto amezaliwa. Wakija na unga na sukari, wengine na kuni mgongoni, wakiimba polepole, basi ni msiba. Kwa mwanamke aliyechoka hapakuwa na desturi yoyote, maana hapakuwa na mwanamke ambaye hakuchoka. Leo naona wazi kwamba walipendana na Mama, na hawakujua waje vipi, wakatumia desturi waliyokuwa nayo. Siku ile niliona unga, sukari na kuni, nikasikia wimbo, nikachungulia kama kuna mtungi hata mmoja wa uji. Hapakuwa na mtungi.

Walimsalimu Mama chumbani kwa zamu, kisha wakakaa sebuleni na Baba. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na trei ya vikombe. Aliyezungumza ni Mama Njeru, kiongozi wao, mwanamke wa kitambaa cha kijani ambaye sauti yake haikujua kunong'ona.

"Baba Kendi, sisi tulimwambia. Tulisema, Sista, punguza hii kazi, hiyo mwili si ya chuma. Usiku hospitali, mchana shamba, jioni mikutano ya kanisa. Lakini unajua tena, sikio la kufa halisikii dawa."

"Ni ukweli," Baba akajibu.

"Sasa wacha tu apumzike. Hata ni heri."

"Hata mimi naona ni heri," Baba akasema. "Akae hivi ni kuteseka tu."

Wakaitikia amina, amina ile ile ya Kibirichia. Vikombe vilianza kugongana kwenye trei, nikaiweka chini ili wasinisikie.

Baba alirudi bucha kesho yake, kwa sababu ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa hangojei mtu. Kabla ya kutoka aliniita mlangoni. "Kendi, wewe ndio askari. Kaa na mama, asisumbuliwe na mtu. Nataka apumzike." Nilimwambia sawa. Nikachukua kigoda, nikapita jikoni nikachukua sufuria ndogo na mwiko, nikaingia chumbani na kufunga mlango. Ningekuwa askari, lakini si wa upande wake.

Kazi ilikuwa rahisi mwanzoni. Mama alilala chali akitazama mabati. Kope zake zikianza kushuka nilimuuliza swali.

"Mama, umelala?"

"Bado."

"Mama, saba mara nane ni ngapi?"

"Hamsini na sita."

"Mama, ukiwa kazini, mtu akitapika nani anapanguza?"

"Mimi. Ama mwingine." Alikuwa na subira ya ajabu. Maswali yakiisha niliangusha mwiko. Niliomba anisuke, nikamwambia kuna nyoka, nikamwambia nasikia njaa. Alinisuka mstari mmoja, mikono ikamshinda, akabaki amezishikilia nywele zangu kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Kila jioni nilihesabu kwamba nimeshinda, maana Mama alikuwa hai bado. Usiku alikuwa mikononi mwa Baba na Mungu, na sikuwaamini sana wote wawili.

Baba naye alikuwa na dawa moja tu duniani. Bucha yake ilijulikana kwa supu. Watu wa bodaboda waliopigwa na baridi, walevi wa jana, wachuuzi wenye mafua, wote walipita pale asubuhi na kuondoka wakitokwa jasho. Sasa kila jioni alileta nyumbani mifupa ya magoti, akaichemsha mpaka madirisha yakalia machozi. "Kunywa, mama. Hii imeinua watu walikuwa wamekwisha," alimwambia, akimshikia bakuli. Mama alikunywa kijiko kimoja, na akaanza kulia bila sauti, machozi yakiingia kwenye supu. Baba alibaki ameshika bakuli. Mafuta yakaganda juu yake, meupe. Baadaye nilipewa mimi nimalize, kwa sababu chakula hakimwagwi, na nikaimeza yote pamoja na chumvi ya Mama.

Alijaribu, yule mzee. Sokoni walimtania kwamba siku hizi Wameru wanafua, akawajibu kwamba hata nguo za wake zao wakimletea atafua, kwa bei ya kilo. Ugali wake ulikuwa na mabonge mabichi katikati. Alianika sare za Mama kwenye kamba, akazinyoosha mabega kwa vidole, akazitazama zikining'inia. Nyumbani hakutania mtu. Alitembea kwa vidole vya miguu, mtu mnene kama yeye, na kila mchana alirudi kutoka bucha mbio mbio, akachungulia chumbani, akasema, "Nilisahau kisu," na kuondoka. Nilimwona baba msahaulifu kuliko wote.

Mama akazidi kuwa mbaya. Weupe wa macho ukawa mwekundu. Alipotaka kwenda chooni alishika ukuta. Siku moja nikamuuliza tena saba mara nane, akafikiri kwa muda mrefu, akasema, "Sijui, Kendi." Mimi nikadhani nalala kazini. Nikazidisha. Usiku nilimsikia Baba akimwambia kwa sauti ya chini, "Sielewi. Usiku uko macho kama mtu wa zamu, unalala mchana kutwa, na haupati nafuu. Tutafanya nini?" Mama akageukia ukutani. Alijua vizuri nani anamkatiza usingizi, na hakunitaja.

Siku iliyobadilisha mambo, manyunyu yalikuwa yakipiga mabati kwa ile sauti ya kubembeleza. Maswali yangu yote yalikuwa yamekwisha. Mama alikuwa ameketi akiegemea ukuta. Kichwa kikainama kando, kinywa kikafunguka kidogo, pumzi ikawa ndefu, ikawa ndefu zaidi, halafu nikaona kama imesimama. Nilinyanyua sufuria nikaipiga kwa mwiko kwa nguvu zangu zote.

Mama aliruka. Hakunikemea. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulisema mara nyingi, "Niko hapa, Kendi. Niko."

Nilipoinua macho, Baba alikuwa mlangoni na koti lake jeupe la bucha, lenye damu kifuani.

Alinishika mkono akanitoa mpaka nyuma ya zizi la ng'ombe. Nilijua nitachapwa na sikujali sana. Nilikuwa nawaza kwamba chumbani hakuna mtu sasa.

"Unamfanyia mama yako nini? Mimi kila siku najiuliza, hii mwili ya huyu mama ina nini, kumbe ni wewe?"

"Sitaki apumzike," nikasema.

"Hutaki apumzike? Wewe mtoto, hutaki?"

"Nyanya alipumzika."

Baba aliniachia mkono. Ng'ombe aliendelea kucheua. Baba akavuta debe lililokuwa limepinduliwa, akakaa juu yake, akajifuta uso kwa mkono wa koti na kujiachia alama ya damu shavuni. Mpini wa kisu ulikuwa umechomoza mfukoni mwake.

"Baba, kisu si hicho?"

Alikitazama. Akakisukuma ndani. Nilikuwa mtoto wa mchinjaji, ningepaswa kujua kwamba hakuna mchinjaji anayesahau kisu kila siku.

"Nani alikuambia mama yako anakufa?"

"Nyinyi wote. Mama Njeru alisema sikio la kufa. Wewe ukasema ni heri. Daktari akasema, na wewe ukakubali." Na hapo nikalia, kilio cha siku zote zile, mpaka nikashikwa na kwikwi. Baba aliniacha nilie. Nilimwona akitafuta maneno, akiingia kwenye Kimeru akitoka, akiingia kwenye Kiembu cha Mama akitoka, mpaka akarudi kwenye Kiswahili chetu kibovu kwa kuwa hakukuwa na pengine.

"Pumzi ni nini?" akaniuliza. "Si mnafunzwa shule?"

"Ni hewa ya kuingia na kutoka."

"Haya. Na kupumzika, si inatoka hapo hapo? Pumzi, pumzika. Mtu ndio apumzike ni lazima akuwe na pumzi. Yule wa kaburi hana. Sasa atapumzika na nini?"

Nilifikiri. Sikuona pa kumshika, isipokuwa mahali pamoja. "Lakini mhubiri alisema."

"Mhubiri alikuwa anatuhurumia." Aliinama akang'oa majani mawili yaliyokuwa yameota kando ya debe. "Mama yangu hakupumzika, Kendi. Huyo alichoka mpaka akakufa. Hata siku ya mwisho alikuwa anachambua mbegu ya viazi, na sisi watoto wake tukisema, aki mama ana nguvu. Ndio maana huyu yako nataka apumzike. Unaelewa? Nataka huyu apumzike akiwa na pumzi."

Nikamwambia naelewa. Nilielewa nusu yake, na nusu hiyo ilitosha kuninyamazisha.

Tulirudi ndani kwa vidole vya miguu. Mama alikuwa ameanguka ubavu, ametugeuzia mgongo, blanketi mpaka shingoni. Kwa vile mlinzi hakuwapo, usingizi ulikuwa umempata mara moja. Nililitazama blanketi. Halikusogea. Nilimtazama Baba nikitaka aniambie kwamba huko ndiko kupumzika, na Baba alikuwa amesimama vile vile kama mimi, shingo ameinyoosha, akilitazama blanketi.

Alipiga magoti kando ya kitanda. Akaushika mkono wangu, akauweka mgongoni mwa Mama, akaweka wake juu ya wangu. Mkono wake ulikuwa mzito na ulinuka nyama. Kwa kitambo hapakuwa na kitu ila joto. Halafu mgongo ukainuka, ukakaa juu kidogo, ukashuka.

"Umeskia?" akanong'ona.

"Nimeskia."

"Hiyo ndio yenyewe."

Ukainuka tena. Kila ulipopanda, Baba alisema kitu chini ya ulimi, na ilinichukua muda kutambua kwamba anahesabu, tena kwa Kimeru. Ĩmwe. Ijĩrĩ. Ithatũ. Baba hakusema Kimeru ndani ya nyumba ile isipokuwa siku mbili nilizozikumbuka: siku shoka lilipomkata mguu, na siku simu ilipopigwa kutoka Kibirichia kuhusu nyanya.

Mimi leo najua habari hii iliishia wapi. Mama alilala siku ile mpaka kesho yake saa za kukamua, na alilala siku nyingi baada ya hapo, na nguvu zikamrudia polepole, kwa kinyongo, mpaka akarudi kazini akiwa mtu mwenye kusema hapana. Amestaafu sasa. Akilala mchana hufunga mlango kwa ufunguo, na hamwombi mtu radhi. Lakini mchana ule hakuna aliyejua, na mwenye supu ya kuinua watu alijua kidogo kuliko wote.

Mvua ilikuwa imekatika. Nje watoto wa jirani walikuwa wakiniita tukacheze, kama walivyoniita kila siku bila kujibiwa. Baba akausikia wito huo, akauchomoa mkono wangu taratibu kutoka chini ya wake.

"Enda ucheze," akasema. "Wewe pia nimekupa ofu."

Nilikwenda. Nilipofika mlangoni mwili wangu ulikuwa mwepesi hata nikataka kukimbia, lakini niligeuka kwanza nikatazama. Mama alikuwa amelala. Baba alikuwa bado amepiga magoti, mkono wake palepale mgongoni, midomo ikiendelea kuhesabu.